Kukosa na Kosa: Uzururaji katika Historia ya Nairobi

Kitenzi kukosa kina maana mbili: kutokuwa na kitu, na kutenda lisilo sawa. Nomino kosa imechukua maana ya pili, nayo hutumika kwa kosa la sarufi na kwa kosa la jinai pia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Nairobi ya ukoloni maana hizo mbili zilikutana mahakamani. Aliyekosa kazi, au aliyekosa karatasi ya kuthibitisha kazi yake, alihesabiwa kuwa amekosa. Hatutachunguza sheria yote ya jinai. Tutalifuata jambo moja tu, yaani kutembea bila shughuli inayoonekana, tuone lilivyogeuzwa jinai mahali ambapo zamani halikuwa hivyo.

Neno jinai lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu. Katika fiqhi ya Kiislamu istilahi hiyo ilihusu hasa madhara dhidi ya mwili na uhai, na mwenye haki ya kudai kisasi au dia alikuwa yule aliyedhuriwa, au jamaa zake. Kwa hili fiqhi haikuwa mbali na mila za Wagikuyu wa nchi ya Dagoretti na Kabete, kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aeleza kwamba uhai wa mwanamume aliyeuawa ulilipwa kwa mbuzi au kondoo 100, na wa mwanamke kwa 30, baada ya wazee wa kiama kulisikiza shauri. (Tofauti ya hesabu hizo yastahili makala yake yenyewe.) Mauaji, basi, yalikuwa deni baina ya koo mbili. Lakini kuzurura kungekuwa deni la nani? Ni nani angedai mbuzi kwa sababu kijana wa jirani amepita njiani bila kusema aendako?

Sheria ya Waingereza ilijibu swali hilo kwa kumweka Mfalme mahali pa aliyedhuriwa. Maadamu mdai alikuwa Serikali, hapakuwa na haja tena ya kumtafuta mtu aliyeumia. Nchini Kenya ilitumika kwanza Kanuni ya Adhabu ya India, hata mwaka 1930 koloni likapata kanuni yake. Lakini kwa mtu wa kawaida wa Nairobi yaliyomgusa zaidi yalikuwa katika sheria za kazi. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilimfanya mfanyakazi aliyemwacha tajiri wake kabla ya muda kuwa mtu wa kuadhibiwa na mahakama ya jinai. Huko Uingereza kwenyewe adhabu za jinai kwa kuvunja mkataba wa kazi zilikuwa zimefutwa mwaka 1875. Tendo lililokwisha kuwa daawa ya kawaida jijini London lilianza kuwa jinai jijini Nairobi miaka 31 baadaye, chini ya taji lile lile. Wanaodai kwamba ukoloni ulileta sheria ya Kiingereza wangefaa kueleza ni ya Kiingereza ya karne gani.

Ndipo kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimia umri wa miaka 16 alipigwa chapa za vidole na kupewa karatasi iliyoandikwa habari za kazi yake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Pasipo sahihi ya tajiri ya kumruhusu kuondoka, mchukuzi wake alikuwa mtoro. Tuliangalie neno hili. Katika pwani ya karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, kama wale waliojenga makazi yao Fuladoyo. Utumwa ulipigwa marufuku, lakini neno likabaki, likamfaa mfanyakazi wa mshahara.

Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya Harry Thuku na wenzake. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ulipigwa risasi. Hesabu rasmi ilitaja waliokufa kuwa 21, na watu wengi wameishuku tangu siku hiyo. Thuku mwenyewe hakushtakiwa mahakamani kwa jinai yoyote: alihamishiwa Kismayu kwa amri ya serikali. Leo barabara inayopita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina jina lake.

Ramani ya mji iliongeza jambo ambalo maandishi ya sheria peke yake hayalionyeshi. Upande wa magharibi, Kileleshwa na Lavington zilikuwa mitaa ya Wazungu, na Parklands ikawa zaidi ya Waasia. Mwafrika aliishi huko kama mtumishi, katika vyumba vya nyuma ya nyumba. Kangemi na Kawangware zilikuwa upande wa ardhi iliyotengewa Wagikuyu, nje ya mpaka wa mji. Basi mtu aliyetoka Kangemi kwa miguu kuelekea Bazaar Street, ambayo sasa ni Biashara Street, hakubadili mwendo wala nia yake njiani. Kilichobadilika ni ardhi iliyo chini ya miguu yake. Akiwa kwao alikuwa mtu anayetembea. Alipoingia mjini alikuwa mshukiwa. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya watu waliosemekana kukaa bila kazi kwa hiari yao, na tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, majeshi yaliuzingira mji katika msako ulioitwa Anvil. Maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa vizuizini bila ya kushtakiwa kwa tendo lolote.

Vifungu vya uzururaji vilivyotumika Kenya vilikuwa na mzazi wao katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1824. Kifungu chake cha kuwakamata washukiwa kilitumiwa sana dhidi ya vijana weusi wa London hata kikafutwa mwaka 1981. Sheria ya Uzururaji ya Kenya ilidumu miaka 34 baada ya Uhuru, ikafutwa mwaka 1997. Wala isidhaniwe kwamba ni mkoloni peke yake aliyeupenda mtindo huo. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania, kwa sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi, iliwakusanya wakazi wa Dar es Salaam wasioweza kuthibitisha kazi zao ili wapelekwe mashambani. Kutoka nchi hiyo hiyo, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wa taaluma ya lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na sheria zikifasiriwa, mfasiri ndiye atakayechagua neno. Kuzuru na kuzurura yanakaa jirani katika kamusi: anayezuru ana mahali aendako, anayezurura analaumiwa kwa kutokuwa napo. Lawama hiyo ni nyepesi katika kitenzi. Katika nomino mzururaji ni nzito zaidi, kwa kuwa umbo la m- na -ji aghalabu hubeba maana ya mazoea au ufundi, kama katika mwindaji, mchoraji, mfanyakazi naye akiitwa mtendaji. Mtu aliyekamatwa mara moja, saa nne za usiku, huwa kwa nguvu ya sarufi mtu wa tabia hiyo kabla hakimu hajaketi. Kadhalika chokora: kitenzi kilichomaanisha kuchimbuachimbua kwa kitu chenye ncha kimegeuka jina la mtoto mzima, kwa sababu alionekana akipekua takataka. Mfasiri angeweza kulitaja tendo na kumwacha mtendaji. Kusema "kukutwa mahali fulani bila sababu" kungemlazimu msomaji kuuliza sababu ya nani, na kwa nini itolewe.

Sheria ya mwaka 1947 iliwaandikisha watu wa rangi zote na kukiondoa kipande cha zamani. Jina rasmi la karatasi ya sasa ni kitambulisho. Lakini pale stendi ya Kawangware, usiku, wengi bado huiita kipande.