Gitaa linaloinamisha shingo, na nani aliyelichagua

Wadau, kuna swali limenijia toka kwa kijana mpiga gitaa wa kwaya moja hapa Singida mjini. Kwaya yao imechanga hela kwa miezi kadhaa wanunue gitaa jipya la umeme, na safari hii hawataki yaliyowapata kwenye lile la zamani. La zamani ukiliachia tu mkono, shingo inaanguka kuelekea sakafuni. Mkesha ukifika saa nane za usiku, anasema, mkono wa kushoto umechoka kwa kubeba kuliko kwa kupiga. Anauliza: hivi haya magitaa yanatengenezwa hivyo makusudi?

Jibu liko kwenye historia, kwa hiyo tuanze mbali kidogo.

Mwaka 1932, ule ule unaotajwa kuwa ndio ilipoanzishwa Dar es Salaam Jazz Band, huko Marekani George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walianza kuuza mojawapo ya magitaa ya kwanza ya umeme. Lilikuwa la alumini, duara dogo lenye mpini mrefu, watu wakalibatiza jina la kikaangio. Shingo yake haikumsumbua mtu yeyote kwa sababu moja: lilipigwa likiwa limelazwa mapajani. Shida ilikuja pale gitaa liliposimama pamoja na mpigaji na kuning'inia begani kwa mkanda.

Hapo ndipo anapoingia Leo Fender, fundi wa redio wa California ambaye (amini usiamini) hakujua kupiga gitaa. Labda ndiyo maana aliwasikiliza wanaopiga. Besi yake ya Precision ilitoka mwaka 1951 ikiwa na shingo ndefu kweli kweli, na ili isiangukie mbele aliipa kiwiliwili pembe ya juu inayochomoza kuelekea kichwani, mkanda ukafungwa kwenye ncha ya pembe hiyo. Stratocaster ya mwaka 1954 ikarithi umbo hilo. Pembe yake inafika karibu usawa wa freti ya 12. Wengi wanadhani ni urembo, kumbe ni mizani.

Gibson walikwenda njia nyingine. Les Paul yao ya mwaka 1952 ina kiwiliwili kinene, na nyingi zinazidi kilo 4. Bega linaumia, lakini gitaa linatulia. Mauzo yaliposhuka, mwaka 1961 wakalibadili kabisa: kiwiliwili chembamba, pembe fupi, shingo imechomoza nje ili vidole vifike freti za mwisho bila kizuizi. Ndilo tunaloliita SG leo. Raha kulipiga, ila kifungo cha mkanda kiliwekwa kwa nyuma, pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Aliyewahi kubeba maji kwa mzega ataelewa haraka. Bega lisipokaa mahali pake, ndoo moja inapanda na nyingine inashuka. SG ina ndoo nyepesi nyuma na nzito mbele. Kwa hiyo kijana wetu, hapana, si makusudi. Ni bei iliyolipwa ili kupata kitu kingine, na wanaonakili umbo hilo kwa bei rahisi wanalinakili pamoja na kasoro yake.

Sasa turudi nyumbani. Swali la "nichague gitaa gani" ni geni sana Tanzania. Kwa miaka mingi mpigaji hakuchagua chochote! NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Bendi za jeshi, polisi na jumuiya za vijana nazo zilikwenda hivyo hivyo, na hata za watu binafsi nyingi zilikuwa na mwenye vyombo. Ukihama bendi, na tunajua walivyokuwa wakihama, gitaa linabaki. Ilipofika miaka ya 1980 fedha za kigeni zikawa adimu nchini, kupata hata nyuzi ikawa kazi, achilia mbali gitaa lenyewe.

Kwa hiyo mtu alipewa gitaa lililopo akalizoea. Na hapa sisi tunaousikiliza muziki huo leo tunasahau kitu. Nyimbo za dansi zilikuwa ndefu, na zikifika kwenye mchapuko mkono wa kushoto unatakiwa kuteleza huru juu na chini ya shingo. Mkono huo huo ukiwa ndio unaoizuia shingo isianguke, utatelezaje? Nadhani tunawasifia wakongwe kwa vidole vyao na kuyasahau mabega.

Haya, kwaya. Msinunue kwa picha ya simu. Kutoka Dar hadi hapa ni kama kilomita 700, kulirudisha ni ndoto. Mtumeni mpigaji mwenyewe, sio mweka hazina. Avae mkanda, asimame, aachie mikono yote miwili, ahesabu polepole hadi thelathini. Shingo ikishuka, aliache, hata kama rangi yake inang'aa vipi. La zamani nalo msilitupe: mkanda mpana wa ngozi, ule upande wa ndani usio laini, unashika nguo na kupunguza kuteleza. Vifunguo vyepesi vya nyuzi kichwani husaidia, na fundi makini anaweza kuhamisha kifungo cha mkanda. Ila atoboe kwa keekee na atumie skrubu, jamani, sio msumari.

Kuna aliyeamua kumaliza ubishi kabisa. Ned Steinberger, Mmarekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa besi isiyo na kichwa, vifunguo vyote akavihamishia mkiani. Haianguki ng'o. Tatizo ni kwamba ilihitaji nyuzi maalumu zenye vishikizo ncha zote mbili, kwa hiyo kabla hamjashawishika na chombo cha aina hiyo, ulizeni kwanza wapi mtapata uzi mwingine ukikatika Jumamosi usiku.