Tristan da Cunha: Kisiwa Kilicho Mbali na Watu

Wasikilizaji wetu, safari ya leo ni ndefu. Twawaomba wenye ramani ya dunia, hasa wanafunzi, waikunjue na kuweka kidole penye mji wa Cape Town, kule kusini mwa Afrika. Kisha wakisogeze kidole hicho polepole kuelekea machweo, wakiteremka kidogo upande wa kusini. Watapita maji matupu zaidi ya maili 1,700. Ndipo watakapoona nukta ndogo iliyoandikwa Tristan da Cunha. Nchi yenye watu iliyo karibu nayo kuliko zote ni kisiwa cha St. Helena, nacho ki mbali maili 1,500. Hapana mahali pengine duniani wakaapo watu palipo mbali namna hii na watu wengine. Uwanja wa ndege hakuna. Aendaye huko hupanda meli Cape Town, na huweza kukaa baharini juma zima.

Jina la kisiwa si geni katika pwani yetu. Tristão da Cunha alikuwa mkuu wa merikebu za Wareno, naye alikiona kisiwa mwaka 1506 alipokuwa akija Bahari ya Hindi. Bahari ilikuwa kali, hakuweza kushuka, lakini jina lake likabaki pale. Kisha akazunguka Rasi akaja kwetu. Malindi alipokewa kwa wema, maana Sultani wake alikuwa rafiki wa Wareno. Watu wa Lamu waliona heri kutoa kodi kuliko kupigana. Watu wa Barawa hawakukubali, na mwaka 1507 mji wao ukatekwa, ukanyang'anywa mali na kuchomwa moto. Basi mtu aliyekumbukwa Barawa kwa moto, kwingineko jina lake ni jina la kijisiwa cha wakulima wa viazi.

Kisiwa chenyewe ni mlima wa moto uliotoka chini ya bahari, na kilele chake chapita futi 6,700. Pande zote ni majabali yaliyosimama kama kuta. Upande wa kaskazini magharibi tu pana ukanda mwembamba wa nchi iliyo sawasawa, na hapo ndipo penye kijiji.

Kwa miaka mia tatu hakuna aliyekitaka. Mwishoni mwa mwaka 1810 akaja Mwamerika, Jonathan Lambert, pamoja na wenzake wachache, naye mwaka uliofuata akatangaza ya kuwa visiwa vile ni milki yake. Ufalme huu, kama twaweza kuuita hivyo, haukudumu. Mwezi wa Mei mwaka 1812 Lambert alikufa maji pamoja na wenziwe wawili, akabaki Mwitalia mmoja, Tommaso Corri.

Mwaka 1816 Waingereza walileta askari, kwa kuwa Napoleon, aliyekuwa mfalme wa Wafaransa, alikuwa amefungwa St. Helena, nao walichelea rafiki zake wasije wakajificha Tristan na kumtorosha. Lakini baada ya mwaka mmoja na kitu serikali iliona kuwa gharama ni nyingi na faida haipo, ikawaondoa askari wale. Hapo ndipo habari yetu inapoanza hasa.

Koplo mmoja Mskoti, William Glass, aliomba ruhusa ya kubaki na mkewe, aliyekuwa mwenyeji wa nchi ya Rasi, na watoto wao wawili. Waashi wawili, Samuel Burnell na John Nankivell, wakakubali kukaa naye. Tarehe 7 Novemba 1817 waliandika hati ya mapatano. Walipatana ya kwamba mifugo na akiba ya vitu vyote iwe mali yao kwa sehemu zilizo sawa; kwamba faida igawanywe sawasawa, na gharama vivyo hivyo; na kwamba, ili amani idumu, asiwepo hata mmoja wa kujifanya mkubwa juu ya mwenziwe.

Twaomba mkumbuke nani aliyeandika hati hiyo. Glass alikuwa askari, mtu aliyezoea kuamriwa na kuamrisha, na mbele ya macho yake palikuwa na mfano wa Lambert aliyejifanya bwana wa kila kitu. Angaliweza kufanya vivyo hivyo, wala asingalikuwapo wa kumzuia. Kwa maoni yetu kipande kile cha karatasi kilifaa kisiwa kuliko mizinga iliyoondolewa.

Walakini kijiji hakijengwi kwa karatasi tu. Wengine walikuja, mabaharia wa mataifa mbalimbali, na wengi wao hawakuwa na wake. Mwaka 1827 nahodha mmoja aliombwa na wanaume watano awatafutie wachumba, akarudi kutoka St. Helena na wanawake watano. Wazee wetu wangalishangaa posa ya namna hiyo, isiyo na mshenga ila nahodha! Watu wa St. Helena wana asili ya Afrika, Asia na Ulaya, na hivyo damu za mabara matatu zikakutana katika kijiji kimoja. Bahari nayo iliongeza watu kwa njia yake: Mholanzi Pieter Groen, ambaye jina lake liligeuka kuwa Peter Green, alivunjikiwa na chombo huko mwaka 1836, na mwaka 1892 Waitalia wawili, Repetto na Lavarello, waliokoka katika merikebu iliyoharibika, wakaoa wasiondoke tena. Hata leo wenyeji wengi huitwa kwa majina machache hayo.

Maisha yao yalitegemea merikebu zipitazo. Waliwauzia mabaharia viazi, nyama na maji, wakapata unga, nguo na misumari. Lakini Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi zikazidi, vyombo vilipungua. Tarehe 28 Novemba 1885 ilionekana merikebu kwa mbali. Wanaume 15 wakaingia katika mashua ili wakafanye biashara nayo. Hawakurudi. Katika kijiji kidogo kama kile, kupotewa na watu 15 kwa siku moja ni kama kukatwa mkono wa kuume. Wajane walikuwa wengi kuliko wanaume wa kuwalimia. Wengine walihama kisiwa, na baadaye serikali ikawashauri wote waondoke. Wengi wakakataa, wakaendelea kulima na kugawana samaki.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanamaji wa Uingereza waliweka kituo huko, na fedha ikaanza kutumika. Baada ya vita ikaja biashara ya kamba koche.

Kisha mlima uliolala ukaamka. Mwezi wa Agosti mwaka 1961 ardhi ilianza kutetemeka. Mwezi wa Oktoba ikapasuka karibu kabisa na nyumba. Watu wote, 264, walichukuliwa kwa vyombo vya wavuvi hadi kisiwa cha jirani kiitwacho Nightingale, kisha meli ya Waholanzi ikawapeleka Cape Town, na kutoka huko wakasafirishwa hadi Uingereza. Waliwekwa kwanza katika kambi ya Pendell, halafu Calshot, karibu na mji wa Southampton. Walipewa nyumba, kazi, shule na hospitali. Wengi walidhani ya kuwa watu hawa, wakiisha kuonja taa za umeme na maduka, hawatakumbuka tena mashamba yao ya viazi.

Lakini mafua na magonjwa ya kifua yaliwasumbua sana, na baadhi ya wazee walifariki. Zaidi ya hayo waliona jambo lililowaudhi: katika mji mkubwa jirani hamjui jirani, na milango hufungwa kwa funguo. Wataalamu waliokwenda kisiwani mwaka 1962 walileta habari kuwa kijiji hakikuungua isipokuwa kidogo. Mwezi wa Desemba watu wazima waliulizwa: kubaki au kurudi? Watu 148 walitaka kurudi; waliotaka kubaki walikuwa 5.

Mwaka 1963 walirudi. Kiwanda cha kamba kilikuwa kimefunikwa na mawe ya moto, na pwani walikozoea kuvuta mashua haikuwapo tena. Wakalima viazi kwanza, kisha kiwanda kingine kikajengwa. Ilipokwisha kujengwa bandari ndogo ya kuingizia mashua, iliyofunguliwa mwaka 1967, ikaitwa Calshot, kwa jina la kambi ile waliyoikimbia.