Vumbi la angani: chagua modeli moja, ubaki nayo

Wasomaji wangu, leo tuzungumzie vumbi. Si lile la barabarani Kulamawe, kule Isiolo upande wa Garbatulla, bali lile linaloonekana ukiwa palepale usiku wa Julai usio na mbalamwezi. Kulamawe iko karibu na ikweta, kwa hiyo kitovu cha galaksi yetu hupanda juu sana upande wa kusini. Utauona utepe wa Njia Nyeupe, na ndani yake mabaka meusi. Hayo si mashimo. Ni vumbi linaloziba nyota zilizo nyuma yake. Sehemu kubwa yake ni silikati, ukoo uleule wa madini yanayojenga mawe. Kulamawe, jina limekaa mahali pake!

Mwaka 1930 Robert Trumpler, aliyekuwa Lick Observatory kule California, alichunguza vishada vya nyota. Alipokadiria umbali kwa kutumia mwangaza, vishada vya mbali vilitoka vikubwa kuliko vya karibu. Kwa nini vitu vikue kadiri vinavyokuwa mbali nasi? Jibu: kuna kitu njiani kinapunguza mwanga, na umbali ulikuwa unazidishwa.

Swali likawa, chembe hizo zina ukubwa gani? Mwaka 1977 Mathis, Rumpl na Nordsieck walitoa jibu linalotumika hadi leo: grafiti na silikati, nyingi zikiwa kati ya mikromita 0.005 na 0.25 hivi, na idadi inayofuata ukubwa kwa kipeo cha -3.5. Maana yake, ukubwa ukipungua mara 10, idadi inaongezeka zaidi ya mara 3,000. Mwaka 1984 Draine na Lee wakatengeneza majedwali ya jinsi chembe hizo zinavyofyonza na kutawanya mwanga. Mwaka 1994 Ossenkopf na Henning wakashughulikia mawingu mazito na baridi, ambako chembe hugandana na kuvaa barafu. Mwaka 2023 Hensley na Draine walichapisha modeli ya Astrodust, ambamo silikati na kaboni zimechanganyika ndani ya chembe zilezile.

Hapa ndipo sisi waandishi wa programu tunapoingia. Programu kama RADMC-3D, inayokokotoa safari ya mwanga ndani ya vumbi, husoma faili la kawaida tu: urefu wa wimbi, ufyonzaji, utawanyaji, na mwelekeo wa mtawanyiko. Ni rahisi kuokota safu moja kwa Draine na nyingine kwa Ossenkopf. Kompyuta haitalalamika, na picha itatoka nzuri.

Lakini safu hizo zimezaliwa pamoja, kutokana na chembe zilezile. Chembe hupata joto kwa mwanga inaoufyonza, kisha huutoa joto hilo kama mawimbi marefu. Ukifyonza kwa modeli moja na kutoa kwa nyingine, unapima joto la chembe isiyokuwepo popote. Ni kama kuchukua nusu ya maktaba toleo la 1 na nusu toleo la 3.

Hasara yake si ndogo. Uzito wa vumbi kuzunguka nyota changa hukadiriwa kwa kugawanya mwanga uliopimwa kwa nguvu ya ufyonzaji. Namba hiyo ikiwa nusu ya ile halisi, uzito unatoka mara mbili, na diski isiyo na mali ya kutosha kuunda sayari itaonekana tajiri. Angalia pia kama jedwali linahesabu kwa gramu ya vumbi peke yake, au vumbi pamoja na gesi. Hapo tofauti ni takriban mara 100.

Basi, kwanza jiulize unachunguza nini. Kwa anga jepesi kati ya nyota, anza na ukoo wa Draine. Kwa wingu zito lenye barafu, Ossenkopf na Henning. Kisha chukua safu zote kutoka hapohapo, na mstari wa kwanza wa faili lako andika jina la modeli na mwaka wake. Atakayeirithi kodi yako atakushukuru.