Skrubu Yenye Kipini



Mwaka jana nilimpelekea mdogo wangu, fundi wa mashine za boti huko Lamu, koleo la mfukoni: lile la kukunjwa, lenye kisu, msumeno na bisibisi ndani yake. Baada ya miezi michache akanipigia simu. "Kaka, mchanga umeingia, kisu hakifunguki. Nataka kulifungua nilisafishe, lakini skrubu zake sijaziona maishani mwangu." Nikamwambia dhamana ipo, alirudishe kiwandani. Akacheka. Gharama ya kulituma Marekani ingekaribia bei ya koleo jipya.

Nikajiuliza, skrubu hizi zilitoka wapi?

Ribiti hupigwa nyundo mara moja, na ukitaka kuitoa huna budi kuiharibu. Skrubu ni ahadi nyingine: kilichofungwa kitafunguka. Zile za kale zilikuwa na mfereji mmoja kichwani, na bisibisi iliteleza ovyo. Mwaka 1908 Peter Robertson wa Kanada alibuni skrubu ya tundu la mraba. Katika miaka ya 1930 Henry Phillips, mkazi wa Portland, Oregon, akaisambaza ile ya msalaba, na magari ya Cadillac yakawa miongoni mwa ya kwanza kufungwa nayo. Ndiyo hiyo mafundi wetu wanayoiita ya nyota, ingawa ina ncha nne tu.

Nyota yenye ncha sita ilikuja mwaka 1967, kazi ya kampuni ya Camcar Textron ya Marekani, nayo ikaitwa Torx. Shabaha yake ilikuwa njema: kukaza kwa nguvu bila bisibisi kuruka nje. Baadaye ikaongezwa kipini katikati ya tundu, ili bisibisi ya kawaida isiingie. Ni yule tu mwenye bisibisi iliyotobolewa nchani ndiye anayeweza kuifungua. Kwenye vyoo vya umma na vifaa vya umeme jambo hilo lina maana, kwani huzuia wezi na watoto. Lakini kwenye koleo la mtu binafsi?

Hapo ndipo penye kichekesho. Mwaka 1975 kijana mwingine wa Portland, Tim Leatherman, alizunguka Ulaya na mkewe kwa gari la Fiat lililochoka, wakilala katika hoteli ambazo mabomba yake yalivuja. Alikuwa na kisu cha mfukoni, lakini kila mara alitamani koleo. Alihangaika miaka mingi hadi chombo chake kilipoingia sokoni mwaka 1983. Kwa hiyo koleo hili la kukunjwa lilizaliwa na haja ya msafiri kujitengenezea mambo yake mwenyewe. Leo baadhi ya makoleo ya jinsi hii hufungwa kwa skrubu zinazomkataza mwenyewe kuyafungua.

Watengenezaji nao wana hoja. Visu vikikazwa vibaya hulegea na kukata vidole, na si haki kiwanda kilipe kosa la mwingine. Ni kweli. Lakini dhamana ina maana kwa aliye karibu na posta ya bei nafuu. Kwa aliye Lamu, dhamana ni karatasi.

Mwaka 2024 jimbo hilohilo la Oregon lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, inayowataka watengenezaji kutoa vipuri, zana na maelezo. Sheria hiyo yahusu vyombo vya elektroniki, si koleo, lakini swali ni lilelile: aliyenunua ndiye mwenye mali, au ameazima?

Mdogo wangu hakungoja bunge. Alichukua bisibisi bapa ndogo, akaichonga kwa tupa katikati ya ncha hadi ikawa na pengo la kupisha kipini. Akaipasha skrubu moto kwa chuma cha kulehemu ili gundi ilainike, akafungua, akapanga kila washa juu ya kitambaa kwa zamu yake, akaosha kwa mafuta ya taa. Jioni kisu kikafunguka.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Basi ndugu zangu, tunapopeleka zawadi nyumbani, tutazame kwanza skrubu zake. Anayepeleka chombo, apeleke na ufunguo wake.