Havana: Mafundi Wasio na Majina Walioamua Spea Ipi Irudi, Ipi Itupwe

Wadau, zile Chevrolet za miaka ya 1950 mnazoziona kwenye picha za Havana sio za kupigia selfie tu. Zina stori nzito.

Oktoba 1960 Marekani ilizuia bidhaa zake nyingi kwenda Cuba, na Februari 1962 ikafunga karibu biashara yote. Magari yakabaki, spea zikakata. Fundi akifungua difu, ile inayogawa nguvu kwenye matairi ya nyuma, hakuuliza tena "mpya bei gani?" Aliuliza: hii iliyolika inarudi au hairudi?

Hapo ndipo akili ilipohitajika. Krauni na pinioni zimesagana pamoja miaka kibao, meno yameshazoeana. Zikilika sawasawa, zinarudi zote mbili. Ukibadilisha moja tu ukaweka ya gari jingine, difu inaanza kulia na meno yanakwisha haraka. Ila jino lenye ufa, au beringi iliyogeuka bluu kwa joto, ni ya kutupa. Gari lenyewe teksi, ndani kuna abiria.

Injini zilipochoka, wengi walifunga za dizeli. Na mpaka 2011, magari ambayo raia waliruhusiwa kuuziana kwa uhuru ni yale ya kabla ya mapinduzi ya 1959 tu. Ukiua difu, umeua riziki ya familia.

Leo watalii wanajipiga picha na gari, fundi hayumo. Je, wewe ungeirudisha au ungeitupa? Dondosha komenti.