Mwendo wa Msomaji: Vibao vya Kale vya Barabara za Uingereza

Karibu na mji wa Chipping Campden, kwenye vilima vya Cotswold katikati ya Uingereza, kuna njia panda inayoitwa Cross Hands. Mwaka 1669 ilisimikwa hapo nguzo yenye mikono minne, kila mkono ukielekeza mji wake: Oxford, Warwick, Gloucester na Worcester. Juu yake ziliwekwa herufi N na I, za Nathan Izod, mwenyeji wa eneo hilo. Herufi za nguzo ile ni ndogo kiasi kwamba aliye ndani ya gari hawezi kuzisoma akiwa anapita. Itambidi asimame, ateremke, asogee hadi chini ya nguzo na kuinua macho, kama alivyofanya msafiri wa karne ya 17 aliyekuja kwa miguu au akiongoza farasi.

Kwa wapenzi wa vibao vya kale, uzuri wa chuma na rangi ni sehemu tu ya mvuto. Kibao chochote kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kwa mwendo fulani, na mwendo huo umebaki ndani yake hata baada ya mtu huyo kutoweka barabarani. Ukubwa wa herufi, urefu wa nguzo, wingi wa maneno, vyote vinaeleza nani alitarajiwa kupita pale na kwa haraka gani. Ndiyo maana mtu anaweza kuisoma historia ya usafiri wa Uingereza akiwa ukingoni mwa barabara, bila kufungua kitabu.

Sheria ya mwaka 1697 iliwapa mahakimu wa wilaya mamlaka ya kuagiza nguzo za kuelekeza ziwekwe kwenye njia panda. Kuanzia 1725, chuo cha Trinity Hall cha Cambridge kilianza kusimika mawe ya maili kwenye barabara inayoelekea kusini, kazi ambayo nchi ile ilikuwa haijaiona kwa utaratibu tangu Warumi walipoondoka. Baadaye zilipoenea barabara za kulipia ushuru, mawe ya maili yakawa ya lazima, na sheria ya 1773 ikasisitiza pia vibao vya njia panda. Magari ya farasi yalikuwa na ratiba, na abiria aliyelipa nauli alitaka kujua amefika wapi. Hata hivyo mwendo wenyewe ulikuwa wa farasi. Jiwe lililofika kiunoni lilitosha.

Kisha ikaja baisikeli, na hapa ndipo historia hii inapochangamka. Waendesha baisikeli wa miaka ya 1880 walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushuka mlima kwa kasi wasiyoweza kuizuia. Farasi huogopa mteremko mkali na kujizuia mwenyewe, gurudumu haliogopi. Vyama vya waendesha baisikeli vikaanza kuweka vibao vyao wenyewe, vya chuma, vikiwaonya wenzao kwamba kilima kilicho mbele ni cha hatari. Vichache vimesalia. Binafsi naviona kuwa vya thamani kuliko vyote, kwa sababu havikutoka serikalini. Viliwekwa na watu waliozijua hatari za barabara kwa magoti yao, kwa ajili ya watu wasiowafahamu. Na kazi yake ilikuwa mpya kabisa: nguzo ya kale ilikuambia unakokwenda, kibao cha baisikeli kilikuambia upunguze mwendo.

Magari yalipoingia, serikali ililazimika kushika usukani. Sheria ya magari ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani takriban kilomita 32, na mwanzoni mwa 1904 maumbo manne yakatangazwa. Duara jeupe lililo wazi katikati lilihusu kikomo cha mwendo. Sahani nyekundu ilimaanisha katazo. Pembetatu nyekundu iliyo wazi ilikuwa ya tahadhari, na umbo la almasi lilibeba matangazo mengine. Hakukuwa na mchoro wowote ndani ya pembetatu ile. Dereva aliambiwa tu kwamba kuna jambo mbele, halafu ajionee. Mwaka 1909 mataifa kadhaa yalikubaliana mjini Paris kuhusu alama nne za michoro, za kona, tuta, njia panda na reli, lakini Uingereza ilibaki na utaratibu wake. Huko ilizoeleka kuandika: pembetatu juu, na chini yake bamba lenye maelezo. Msomaji wa Afrika Mashariki, anayeendesha upande wa kushoto kwa urithi wa wakati huohuo, ataitambua pembetatu ile mara moja.

Kilele cha utamaduni huo wa kale ni nguzo za mikono zilizoenea baada ya Wizara ya Uchukuzi kutoa mwongozo wa mwaka 1921. Wizara ilitaka mikono iwe myeupe, herufi nyeusi, kubwa zote, zenye kimo cha inchi mbili na nusu au tatu, na jina la mamlaka ya barabara lionekane juu ya kibao. Zaidi ya hapo kila wilaya ilifuata mapenzi yake, na mapenzi hayo ndiyo furaha ya watafutaji wa leo. Kule West Riding ya Yorkshire, juu ya nguzo kuna bangili ya chuma iliyoandikwa kwa mzunguko jina la njia panda yenyewe pamoja na namba zake za ramani. Msafiri haambiwi anakoelekea tu, anaambiwa alipo. Akiwa na ramani mkononi, anaweka kidole palepale. Chini ya bangili, mikono inaonyesha masafa hadi robo ya maili, kana kwamba robo ile ina uzito, na kwa mtu wa miguu jioni ya mvua ina uzito kweli. Herufi zimeinuka juu ya chuma, unaweza kuzipapasa gizani. Kwenye baadhi ya alama za miaka ya 1930 ziliongezwa pia gololi za kioo ndani ya herufi, ili zimulikwe na taa za gari usiku.

Dorset nako kuna bangili za namna hiyo, na kuna jambo la ajabu zaidi: nguzo chache zimepakwa rangi nyekundu tupu, mikono na mti wake, badala ya nyeupe. Wenyeji wana simulizi nyingi. Wengine husema nyekundu iliwaelekeza askari waliowasindikiza wafungwa kwenda kupelekwa Australia, askari ambao huenda hawakujua kusoma. Wengine husema palikuwa na mti wa kunyongea. Simulizi hizo zinaendelea kuishi kwa sababu nguzo zenyewe bado zipo. Ziking'olewa, hakuna atakayeuliza kwa nini zilikuwa nyekundu.

Zipo pia alama ambazo leo zinamshangaza mtazamaji kwa imani iliyomo ndani yake. Kabla ya vita vya pili vya dunia, karibu na shule dereva alikutana na mwenge unaowaka uliochorwa kwa rangi nyeusi, mwenge wa elimu, chini yake neno la kutaja shule. Aliyeuchora aliamini kwamba dereva atauona moto, atafikiria maarifa, kisha atawafikiria watoto, na yote hayo kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa mwendo wa 1930 huenda iliwezekana.

Mwaka 1940, Waingereza walipohofia kuvamiwa na Wajerumani, amri ilitolewa vibao vya kuelekeza viondolewe ili visimsaidie adui. Nguzo zikang'olewa, mawe ya maili yakafukiwa au kufutwa maandishi, na majina ya vituo vya reli yakateremshwa. Vita vilipogeuka vilirudishwa, lakini vingi vilikwisha kupotea au kuyeyushwa. Kwa hiyo mkono wa chuma wa miaka ya 1920 unaosimama leo mahali pake umeponea chupuchupu mara moja tayari.

Mara ya pili ilitokana na kasi. Desemba 1958 ulifunguliwa mchepuko wa Preston, kipande cha kwanza cha barabara za magari pekee nchini Uingereza. Kwa maili 70 kwa saa gari hula mita 31 hivi kila sekunde, na herufi za inchi tatu haziwezi kusomeka kabla hazijabaki nyuma. Kamati ya Anderson, iliyoundwa mwaka mmoja kabla kushughulikia vibao vya barabara hizo, ilimpa kazi msanifu Jock Kinneir, naye akamchukua aliyekuwa mwanafunzi wake, Margaret Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini. Wakachora aina mpya ya herufi, za mviringo, nyeupe juu ya buluu, herufi kubwa mwanzoni mwa jina na ndogo zinazofuata. Waliamini kuwa jicho linaloenda mbio hulitambua jina kwa umbo lake zima, kama tunavyomtambua jamaa kwa mbali kwa namna anavyotembea.

Hawakukubaliwa bila upinzani. David Kindersley, mchonga herufi za mawe wa Cambridge, aliona aibu barabara za taifa zikiandikwa hivyo, akaleta herufi zake mwenyewe, kubwa zote, zenye vikia vidogo kwenye ncha. Ili kumaliza ubishi, jaribio lilifanywa katika uwanja wa ndege wa Benson, Oxfordshire. Watu wa kujitolea waliketi kwenye jukwaa, na gari likawajia likiwa limebeba vibao juu yake, huku kila mmoja akiandika mara tu alipoweza kusoma. Herufi za Kindersley zilisomeka kwa mbali kidogo zaidi. Hata hivyo tofauti ilionekana kuwa ndogo mno, na za Kinneir na Calvert zikachaguliwa kwa muonekano wake. Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi, lakini mpenda vibao halisi hawezi kumsahau Kindersley. Katika ugomvi ule herufi za jadi na herufi za zama za gari zilipimwa kwa haki, juu ya lami, kwa futi na inchi.

Mwaka 1961 iliundwa kamati nyingine chini ya Sir Walter Worboys, kwa ajili ya barabara zote zilizobaki. Ripoti ilitoka 1963, na tangu Januari 1965 sura ya Uingereza ikaanza kubadilika: kijani kwa barabara kuu, nyeupe kwa za kawaida, michoro badala ya maneno. Calvert ndiye aliyechora sehemu kubwa ya michoro hiyo. Ng'ombe wa kwenye pembetatu alimchora kwa kumtazama ng'ombe wa kweli aliyeitwa Patience, wa shamba la ndugu zake huko Warwickshire. Alama ya watoto iliyotangulia ilimwonyesha mvulana mwenye kofia ya shule akimwongoza msichana. Calvert aliigeuza: msichana mkubwa akamshika mkono mdogo wake wa kiume, na sura ya msichana aliitoa kwenye picha yake mwenyewe ya utotoni. Mamilioni ya madereva wamepunguza mwendo kwa ajili ya mtoto huyo bila kumjua jina.

Gharama ya usafi huo ilikuwa kwamba mamlaka zilihimizwa kuziondoa nguzo za zamani. Wilaya zenye fedha ziling'oa kwa bidii. Zilizokuwa maskini au zenye barabara ndefu za vichochoroni zilichelewa, na kuchelewa huko ndiko kulikookoa nguzo nyingi. Ilichukua miaka 40 hadi Wizara na taasisi ya urithi ya English Heritage kutoa mwongozo, mwaka 2005, uliotaka nguzo za jadi zilizosalia ziachwe mahali pake na kutunzwa. Miaka minne kabla, 2001, wapenzi walikuwa wameunda Milestone Society, chama kinachoorodhesha mawe ya maili na nguzo, kupiga picha, kuandika hali ya kila moja na kuwasumbua wahandisi wa wilaya inapobidi. Huko Dorset na Somerset watu wa kujitolea hukwangua rangi zilizojazana tabaka juu ya tabaka, hutafuta herufi za kuziba mapengo, kisha hupaka upya nyeupe na nyeusi.

Mapenzi hayo yana upande wake mbaya. Mkono wa chuma una bei sokoni, na wako wanaokuja usiku na spana. Kijiji cha Shitterton, Dorset, ambacho jina lake huwachekesha Waingereza, kiliibiwa kibao mara nyingi hadi wakazi walipochangishana mwaka 2010 na kununua jiwe la tani moja na nusu, wakalichonga jina na kulisimika. Nguzo ikishakaa sebuleni mwa mtu inabaki kuwa pambo. Mkono unaosema maili moja na robo hauna maana yoyote ukitolewa kwenye njia panda ambayo robo ile ilipimwa kuanzia hapo.

Ndani ya kazi ya ukarabati kuna swali ambalo wahusika hubishana juu yake kwa dhati. Nguzo nyingi za Yorkshire zimeandikwa Yorks W.R., kifupi cha jina la halmashauri ya West Riding iliyovunjwa Aprili 1974. Bangili ikipasuka na kusubiwa upya, je, liandikwe jina la halmashauri ya sasa, inayolipia rangi, au lile la zamani? Msimamo wangu ni lile la zamani, pamoja na robo za maili na herufi kubwa zote. Halmashauri ya sasa ina vibao vyake vya kijani kwenye barabara kuu, vikubwa, vinavyosomeka kwa mbio. Kwenye njia panda ya mashambani, ambako baisikeli na watembea kwa miguu wanaongezeka tena, nguzo ya 1921 bado inatoa huduma ile iliyoagizwa kutoa, kwa watu wanaokwenda kwa mwendo uleule.