Kuhamisha Mafaili, Kuhamisha Ushahidi: Historia ya Kumbukumbu za Kidijitali za Mahakama ya Rwanda Jijini Arusha, 1995–2022

1.0 Utangulizi

Mtu anayebadilisha diski ya kompyuta yake hukabiliwa na kazi mbili ambazo kwa mtazamo wa juu hufanana. Kazi ya kwanza ni kuhamisha mafaili yake binafsi, yaani barua, picha na hesabu zake. Kazi ya pili ni kuhamisha programu alizosakinisha, ambazo ndizo humwezesha kuyafungua mafaili hayo. Ya kwanza huelekea kukamilika kwa kunakili. Ya pili haikamiliki kwa njia hiyo, na mara nyingi mhusika hulitambua hilo baada ya diski ya zamani kufutwa au kufa.

Insha hii inaichunguza tofauti hiyo kwa kutumia mfano wa taasisi moja iliyokuwa na makao yake jijini Arusha, ambayo mafaili yake yalibeba ushahidi wa mauaji ya kimbari. Taasisi hiyo ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, ambayo kumbukumbu zake zilirithiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Kumalizia Mashauri Masalia ya Mahakama za Jinai (kuanzia hapa, Taasisi ya Masalia). Hoja kuu ni kwamba uhamishaji wa kumbukumbu za kidijitali haupaswi kuandikwa katika historia kama jambo la mafundi peke yao. Faili linapohama, vitu vitatu vinaweza kubaki nyuma bila mtu kuona: programu inayolifungua, maelezo ya asili yake, na mipaka ya nani anaruhusiwa kulisoma. Kwa mtu binafsi, hasara hiyo ni usumbufu. Kwa mahakama, ni hasara ya haki yenyewe.

2.0 Arusha ya Mwaka 1995

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda Mahakama ya Rwanda kwa Azimio Namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994. Azimio Namba 977 la tarehe 22 Februari 1995 liliamua kwamba makao yake yawe Arusha. Mahakama ilipanga katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, majengo yaliyojengwa awali kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Kwa hiyo, tangu mwanzo, mahakama hii iliishi ndani ya nyumba iliyokusudiwa kwa taasisi nyingine. Hali hiyo ya upangaji ina umuhimu katika historia tunayoieleza, kwa sababu mpangaji hujua kwamba ipo siku atafungasha.

Mwaka huohuo wa 1995, mwezi Agosti, kampuni ya Microsoft ilitoa mfumo endeshi wa Windows 95. Matukio haya mawili hayakuhusiana, lakini yalikutana katika ofisi. Chini ya mfumo wa zamani wa DOS, programu nyingi zilikaa ndani ya folda moja, na mtumiaji aliweza kuinakili folda hiyo katika diski nyingine na programu ikafanya kazi. Chini ya Windows 95 na matoleo yaliyofuata, programu ilitawanya viungo vyake. Sehemu moja ilikaa katika folda yake, nyingine katika folda za mfumo endeshi, na mipangilio yake ikaandikwa katika rejista, ambayo ni daftari kuu la mfumo mzima. Aliyenakili folda peke yake alibeba kiwiliwili bila mishipa. Tangu hapo, njia za kuaminika zikawa mbili: kuisakinisha programu upya katika diski mpya, au kunakili diski nzima kama ilivyo pamoja na mfumo wake endeshi.

Kumbukumbu za mahakama zilianza kuzaliwa katika mazingira hayo. Kesi ya Jean-Paul Akayesu ilianza kusikilizwa tarehe 9 Januari 1997, na hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 ikawa ya kwanza kutolewa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, mahakama ilikuwa imewashtaki watu 93, imekaa vikao kwa takriban siku 5,800 na kupokea maelezo ya mashahidi zaidi ya 3,000. Maneno ya mashahidi waliozungumza Kinyarwanda yalitafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, yakarekodiwa kwa sauti na picha, kisha yakaandikwa. Hivyo ushahidi mmoja uliacha alama zaidi ya moja, na kila alama ilihitaji chombo chake ili isomeke.

3.0 Kinachohama na Kisichohama

Ulinganisho na Nuremberg unafafanua ugeni wa tatizo hili. Nyaraka za mahakama ya Nuremberg zilikabidhiwa kwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, na zingali huko. Karatasi iliyopigwa chapa mwaka 1946 husomwa leo na yeyote mwenye macho na anayeijua lugha yake. Haihitaji leseni wala mfumo endeshi. Kumbukumbu za Arusha hazina bahati hiyo. Kanda ya video huhitaji deki, na deki za aina hiyo zimekwisha kuacha kutengenezwa. Faili la maandishi huhitaji programu inayoujua muundo wake. Hifadhidata huhitaji seva, na seva huhitaji mfumo endeshi ambao mtengenezaji wake ataacha kuuhudumia siku moja.

Ndiyo maana wataalamu wa nyaraka hutofautisha njia kuu mbili za kuokoa faili lililofungwa na programu ya kale. Njia ya kwanza ni kulibadili faili liwe katika muundo ulio wazi na wa kudumu. Mfano ni PDF/A, muundo uliotangazwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya nyaraka za kuhifadhiwa muda mrefu. Njia ya pili ni kuiga mashine ya zamani ndani ya mashine mpya ili programu ya kale iendelee kufanya kazi. Njia ya kwanza hulikomboa faili kutoka katika programu, lakini huacha swali kama kilichobadilishwa bado ni kilekile. Njia ya pili hulilinda faili lisiguswe, lakini huifanya hifadhi nzima kutegemea mashine ya kuigiza ambayo nayo itazeeka.

Hata pale ambapo faili hufunguka bila shida, kunakili kuna hasara zake za kimyakimya. Katika Windows, faili likinakiliwa kwenda diski nyingine, tarehe ya kuundwa kwake huwa ni ya siku ya kunakiliwa, ingawa tarehe ya kurekebishwa mwisho hubaki. Vilevile, ruhusa za kulisoma hazisafiri nalo kwa kawaida. Nakala huchukua ruhusa za folda inakowekwa. Mwenye picha za harusi hatajali. Lakini mashahidi wengi wa Arusha walitoa ushahidi kwa majina ya siri yaliyoundwa kwa herufi, kwa sababu walirudi kuishi jirani na ndugu wa waliowashtaki. Faili lenye jina halisi la shahidi likiwekwa katika folda iliyo wazi, kosa hilo haliwezi kuelezwa kuwa la kompyuta. Ni kuvunja kiapo ambacho mahakama ilimwapia mtu.

Kwa sababu hiyo, uhamishaji wa hifadhi ya mahakama una hatua ambazo mtu binafsi huziruka. Kabla ya kuhama, kompyuta hukokotoa namba maalumu kutokana na maudhui yote ya faili. Baada ya kuhama hukokotoa tena, na namba zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, nakala hukataliwa. Maelezo ya asili, yaani nani aliliunda faili, lini, katika shauri gani na kwa daraja lipi la usiri, huandikwa pamoja na faili badala ya kuachiwa mfumo endeshi. Na hifadhi ya zamani haifutwi mpaka ile mpya ithibitishwe. Misingi ya kazi hii imeelezwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 14721, ambacho husisitiza kuwa hifadhi haitunzi faili tu, bali hutunza pia kila kinachohitajika ili jamii ya baadaye ilielewe faili hilo.

4.0 Makabidhiano na Safari ya Lakilaki

Azimio Namba 1966 la tarehe 22 Desemba 2010 liliiunda Taasisi ya Masalia. Tawi lake la Arusha lilianza kazi tarehe 1 Julai 2012, na la The Hague mwaka mmoja baadaye. Ibara ya 27 ya sheria yake iliipa dhamana ya kusimamia kumbukumbu, na ikatamka kuwa kumbukumbu hizo ni mali ya Umoja wa Mataifa. Tamko hilo lilikuja baada ya mjadala mrefu. Serikali ya Rwanda ilitaka kumbukumbu zipelekwe kwa wananchi ambao historia hiyo ni yao, ilhali Umoja wa Mataifa uliangalia usalama wa mashahidi na mahitaji ya mashauri yaliyobaki.

Hapa tofauti kati ya karatasi na dijitali ilileta maana ya kisiasa. Karatasi moja huwa mahali pamoja, hivyo kuwa nayo kwa mmoja ni kuikosa kwa mwingine. Faili la kidijitali laweza kuwa Arusha na likasomwa Kigali. Hata hivyo, nakala haikumaliza mzozo, kwa sababu swali la msingi lilihusu mamlaka ya kuamua nini kisomwe na nani. Faili lilihamishika kwa urahisi, ila mamlaka hayo hayakuweza kunakiliwa.

Tarehe 25 Novemba 2016, majengo mapya ya tawi la Arusha yalizinduliwa Lakilaki, nje ya jiji, katika ardhi iliyotolewa na Serikali ya Tanzania. Eneo hilo linajumuisha ofisi, ukumbi wa mahakama na jengo la kumbukumbu. Kwa mara ya kwanza, urithi wa mahakama iliyokuwa imepanga ulipata nyumba iliyojengwa kwa ajili yake. Kazi ya kuhamisha, hata hivyo, haikuishia kwenye kuta. Rekodi za sauti na picha zilizokuwa katika kanda ziliendelea kugeuzwa kuwa za kidijitali, na mafaili yaliyozaliwa kidijitali kuingizwa katika mfumo maalumu wa uhifadhi. Mwaka 2020 kumbukumbu za mashauri za mahakama ya Rwanda, ya iliyokuwa Yugoslavia na za Taasisi ya Masalia yenyewe ziliunganishwa katika hifadhidata moja inayofunguliwa na umma.

5.0 Kumbukumbu Zilipojaribiwa

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika mahakamani. Augustin Ngirabatware, aliyekuwa waziri, alihukumiwa tarehe 20 Desemba 2012, na rufaa ya mwaka 2014 ikampunguzia kifungo kutoka miaka 35 hadi 30. Baadaye mashahidi wanne waliokuwa wamemtia hatiani walidai kuwa hawakusema kweli, na shauri likafunguliwa upya kwa mapitio. Mwezi Septemba 2019 majaji walisikiliza madai hayo Arusha. Kipimo kimojawapo kilikuwa kile ambacho mashahidi walikwisha kukisema miaka ya nyuma, kikiwa katika rekodi. Tarehe 27 Septemba 2019 majaji waliamua kuwa haikuthibitishwa kwamba mashahidi walikana kwa ukweli, na hukumu ikabaki. Mwezi Juni 2021 baadhi ya washtakiwa walitiwa hatiani katika shauri la kudharau mahakama lililotokana na kuingiliwa kwa mashahidi hao.

Shauri la Félicien Kabuga linaonyesha urefu wa muda ambao faili linapaswa kuishi. Kabuga alikamatwa Ufaransa mwezi Mei 2020, na kesi yake ikaanza kusikilizwa The Hague tarehe 29 Septemba 2022, miaka 28 baada ya mauaji. Miongoni mwa mashtaka yake yalikuwamo yale yaliyohusu redio ya RTLM, ambayo matangazo yake yalikwisha kuchambuliwa Arusha katika shauri la vyombo vya habari lililoamuliwa mwaka 2003. Kesi hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya afya ya mshtakiwa. Lakini ukweli kwamba iliweza kuanza unathibitisha jambo moja: mtoro aliweza kuukimbia mkono wa sheria kwa zaidi ya miongo miwili, na katika muda huo vizazi kadhaa vya kompyuta vilizaliwa na kufa. Kama kumbukumbu zingezeeka pamoja na mashine zake, kukimbia kungekuwa utetezi tosha.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa kuhamisha si kunakili. Kunakili huzidisha faili. Kuhamisha hulithibitisha faili, hulipatia chombo cha kulisomea, na hulibebea masharti yake. Historia ya Arusha inaonyesha pia kwamba kazi hii haina siku ya kukamilika. Jengo la Lakilaki ni imara, lakini diski zilizomo zitabadilishwa, na watakaozibadilisha wataulizwa maswali yaleyale matatu ya programu, asili na ruhusa. Wanahistoria wa Afrika Mashariki wamezoea kuuliza nani aliandika waraka na kwa nini. Kwa nyaraka za tangu mwaka 1995, inafaa waongeze swali la nani aliuhamisha, kutoka katika mashine ipi, na nini kilibaki nyuma. Bila swali hilo, mtafiti anaweza kusoma nakala iliyo safi kabisa ya jambo ambalo halikusemwa hivyo.